Fundi Aliyekula Chaki Zake

"Hivi fundi, nikuulize tu kwa upole. Hizi chaki unazochukua kwangu kila wiki, nguo unazichora au unazilisha?"

Aliyeuliza ni Mama Vifungo, jirani yake, mwenye duka la vifungo, zipu na nyuzi linalogusana ukuta na chumba cha cherehani. Fundi hakumjibu. Alitikisa kichwa tu, midomo kaibana kama mtu aliyeshika pini kwa meno, akachukua boksi lake akatoka. Alipofika mlangoni kwake akapiga chafya, na chafya ile ikatoka na kiwingu cheupe. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua sindano. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa, Mungu anisamehe, maana sikujua kwamba nacheka ugonjwa.

Habari za huyu fundi naziandika kwa sababu mtaani kwetu zinasimuliwa vibaya. Wapo wanaosema alirogwa na mteja. Wapo wanaosema ilikuwa mimba iliyojificha. Na yupo mmoja anayesema kilichomponya ni suruali. Huyo wa suruali hayuko mbali sana na ukweli, ila anahitaji kusaidiwa.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mrefu, mwembamba, mwenye uwezo wa kukugombeza huku anacheka mpaka usijue ushike lipi. Chumba chake cha kazi ni hatua nne kwa tano. Cherehani ya kukanyaga iko dirishani. Meza ya kukatia alitengenezewa na mumewe kwa mlango wa zamani, na kitasa hakikung'olewa, kwa hiyo wateja wakiingia hutundika mikoba yao pale. Mumewe ni fundi bomba. "Humu ndani tuko mafundi wawili," mwanamke hupenda kusema. "Yeye anaziba matundu, mimi natoboa."

Wana binti mmoja. Siku ya kumzaa huyo binti, miaka kumi na moja iliyopita, damu ilimtoka mama mpaka wauguzi wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, na sote tunajua muuguzi akishusha sauti maana yake nini. Akaongezewa mifuko mitano.

"Mitano, dada," aliniambia. "Ya watu watano wasionijua. Hakuna aliyeuliza kama mimi ni mtu mwema au msengenyaji."

Pale pale kitandani, kabla hata hajampakata mtoto, akamwahidi Mungu kwamba kila mfuko ataurudisha mara tano. Tano mara tano, ishirini na tano. Ni hesabu ya darasa la pili, lakini yeye aliifanya akiwa na sindano mkononi, na aliyoyasema siku ile hakutaka kuyapunguza hata moja.

Mtoto alipofika miaka mitatu, akaanza kurudisha. Mwanamke anaruhusiwa kuchangia damu kila baada ya miezi minne, yaani mara tatu kwa mwaka, na kwa miaka minane hakukosa zamu. Alijishonea kabisa gauni la shughuli hiyo. La kijani, mikono mirefu, na kwenye kiwiko cha kushoto vifungo vitatu. Akifika kituoni anafungua vile vitatu na mkono unachomoka kama barua kwenye bahasha, hana haja ya kukunja wala kuvuta. Na ndani ya pindo, mahali asipopaona mtu, alipitisha mshono mmoja wa uzi mwekundu kwa kila mfuko alioutoa. Mishono ilifika ishirini na minne. Palibaki nafasi ya mmoja. Huo mmoja ulimkosesha usingizi kwa raha, kama mtoto anayesubiri kuvaa viatu vipya.

"Nikiutoa huo," alisema, "nitakuwa sina kiporo na Mungu."

Mimi najitolea kituo hicho cha damu, upande wa meza ya chai na biskuti. Mtu akishatoka kitandani anakaa kwangu robo saa, anakunywa kitu chenye sukari, asije akatuangukia kwenye ngazi. Nimewaona wengi. Wapo wanaokuja kwa ajili ya mgonjwa wao, wapo wanaokuja kwa ajili ya biskuti, nao tunawashukuru. Fundi alikuwa akija, benchi zima linachangamka. Hapo mezani hakai bure. Chai mkono mmoja, mkono wa pili anakagua mishono ya watu na kuwauliza ni nani aliyewafanyia ukatili ule.

Mwaka wa chaki, mambo yalianza polepole. Kwanza alichoka kukanyaga cherehani, akasema cherehani imezeeka. Mumewe akaitia mafuta. Kisha akaanza kuhema kwenye ngazi za kituo, akaniuliza kama zimeongezwa. Kisha mchana wa jua kali akawa anajifunika mapazia ya wateja. Na katikati ya hayo yote, chaki. Alianza kwa kulamba kidole baada ya kuchora. Kidole kikamwita tena. Mwisho akawa anauma pembe.

Chaki zenyewe ni zile bapa za mafundi, za pembe tatu, nyororo kama kipande cha sabuni. Nyeupe ndiyo aliyoipenda. Ya bluu aliila siku za dhiki. "Ya njano inakwaruza," alinieleza baadaye, kwa uzito wa mtu anayelinganisha maembe sokoni.

Mumewe alikuwa wa kwanza kuona.

"Mke wangu, umebusu ukuta?"

"Nimechapa kazi."

"Siku hizi kazi inachapwa kwa ulimi?"

Wakacheka, mambo yakaishia hapo. Kituoni nako walimpima kidole kama ilivyo kawaida, tone moja, mashine ndogo, namba. Kila mara namba ilikuwa juu ya mstari, kwa unywele lakini juu. Basi nani amshuku? Yeye mwenyewe hakujishuku.

Kilichomfichua ni suruali ya mpimaji.

Mpimaji ni mtaalamu wa maabara pale kituoni, bwana wa miaka hamsini kasoro, mpole, anayepima kila kitu. Nimemwona akipima sukari ya chai kwa kijiko na kukisawazisha kwa ncha ya kalamu. Sisi wote tunamwita daktari, naye kila mara anatusahihisha kwamba si daktari, nasi kila mara tunamwambia sawa daktari. Alipeleka kitambaa cha kijivu kwa fundi, ashonewe suruali ya heshima, maana ofisi kuu ilikuwa inaleta mkaguzi.

Fundi alimpima vizuri. Shida ikaja kwenye kuchora. Chaki iliyokuwa mezani ilikuwa imetafunwa kingo zote, haina ncha hata ya dawa, kwa hiyo mstari aliouchora ulikuwa mnene kama kidole gumba. Mguu wa kulia akakata kwa nje ya mstari. Mguu wa kushoto akakata kwa ndani. Halafu kwenye pindo akaweka alama, akaifuta kwa kidole, akakilamba, akaweka nyingine kwa kukisia.

Mpimaji akarudi siku ya pili ameivaa.

"Karibu daktari. Mbona umesimama kama una mguu mmoja mtaroni?"

"Mimi nimesimama sawa, fundi. Suruali ndiyo iko mtaroni."

Fundi akapiga magoti na futi yake. Vidole vitatu. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu kamili, na soksi ya mpimaji ilikuwa nje inatazama watu. Kwa miaka ishirini ya kazi hajawahi kufanya jambo kama lile. Alishikwa na aibu, na aibu ilipomshika, mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la chaki na kurudi wenyewe mdomoni. Ikasikika krap.

"Fundi, unakula nini?"

"Sili."

"Nasikia."

"Ni meno yangu yanagongana."

"Hebu fungua mdomo."

"Daktari, umefuata suruali au umefuata meno?"

Lakini mpimaji alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, mguu mfupi mbele, na ule uso wake wa kupimia sukari. Akamuuliza chaki ameanza lini. Akamuuliza kama anachoka, kama anasikia baridi. Akamuuliza amechangia damu mara ngapi.

"Ishirini na nne. Na kesho ni ya ishirini na tano, kwa hiyo usinianzishie mambo."

Mpimaji akamweleza. Kwamba madini ya chuma yakimwishia mtu mwilini, wakati mwingine anatamani vitu vya ajabu. Udongo, barafu, mchele mbichi, chaki. Kwamba kila mfuko wa damu unaondoka na chuma kingi, na mwili unahitaji miezi kukirudisha, na mwanamke ana njia yake nyingine ya kukipoteza kila mwezi.

"Kila siku mnanipima," fundi akasema. "Namba yangu ni nzuri."

"Ile mashine ya kidole inaangalia unga ulio kwenye sufuria. Haingii ghalani. Sufuria yako imejaa kwa sababu mwili wako unakomba ghala."

"Na ghalani kuna nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Nimebakiwa na kipimo kimoja."

Hapo niwaeleze habari za hicho kipimo kimoja. Ofisi kuu ilikiletea kituo chetu mashine ya kupima akiba ya chuma pamoja na boksi la vipimo mia moja. Si vipimo vya bei ndogo. Walitaka kujua kama kuwapima wachangiaji akiba yao kunastahili gharama hiyo, au ni bora pesa zinunue mifuko zaidi. Boksi lilitakiwa lidumu miezi mitatu. Mpimaji, kwa kuwa ni mtu wa haki, akampima kila aliyeingia kwa mpangilio wa foleni. Wiki hiyo hiyo wakaja vijana wa chuo cha magari, wanaume watupu, mara yao ya kwanza kuchangia. Siku tisa, vipimo tisini na tisa vikaisha. Waliokutwa na upungufu walikuwa saba. Wale vijana wa magari, mpimaji alisema, walikuwa na chuma cha kutengenezea gari lenyewe.

Kile cha mia alikuwa amejiwekea mwenyewe. Kesho yake akampimia fundi.

Ilitakiwa angalau kumi na tano. Ikatoka sita, naye akawa wa nane.

Mkuu wa kituo ni mama mmoja muuguzi wa siku nyingi, tunamwita Sista. Akamkalisha fundi na kumshika mkono.

"Mwanangu, leo hutoi. Wala mwezi ujao. Utameza vidonge vya kuongeza chuma, uje baada ya miezi sita tupime tena. Ghala likiwa na kitu, utatoa. Lisipokuwa na kitu, hutoi."

"Nusu mfuko, Sista."

"Hapana."

"Robo."

"Hapana, mwanangu."

"Basi kijiko. Mimi na Mungu tumekubaliana ishirini na tano."

"Mlikubaliana na tarehe?"

Fundi akafikiri. "Tarehe hatukutaja."

"Basi mwache Mungu, ana subira kukushinda."

Akaja kwenye meza yangu na gauni lake la kijani, vifungo vitatu vimefunguliwa bure. Alikunja pindo akaitazama ile nafasi ya uzi iliyobaki. Machozi yakadondokea kwenye chai. Nikamsogezea biskuti. Kisha akapiga chafya, na kiwingu cheupe kikatoka. Tukatazamana. Tukacheka mpaka Sista akaja kutuuliza kama tumetia kitu kwenye chai.

Lakini bado kulikuwa na kikwazo. Mpimaji alikuja kukaa nasi, amevaa suruali ile ile, maana nyingine ya heshima hakuwa nayo.

"Boksi la pili linafika kesho, nalo ndilo la mwisho," alisema. "Likiisha, mkaguzi anakuja na kikokotoo chake. Akiona wanane kwa mia atasema hailipi. Na kusema kweli, kwa namna ile, hailipi. Mashine itarudi."

"Mashine ikirudi," fundi akauliza, "baada ya miezi sita nani ataingia ghalani kwangu?"

"Hakuna."

"Na Sista ataniruhusu bila kuingia ghalani?"

"Unamfahamu Sista."

Fundi akaweka kikombe chini. Niliona kabisa machozi yanakauka na kazi inaanza.

"Daktari, wewe ulipima kila mtu aliyeingia?"

"Kwa haki."

"Haki ya nini? Mimi nikiitwa shule kurekebisha sare za watoto mia, nakwenda na futi nampima kila mmoja? Nitazeeka. Nasimama mlangoni naangalia. Yupo anayevuta kaptula nyuma, yupo anayetembea kwa kubana pumzi. Hao ndio nawapima. Aliyevaa ikamkaa, namwacha akacheze."

"Sasa hawa wa damu utawaona wapi wanavuta kaptula?"

"Uliniona mimi. Waulize wanatafuna nini."

Mpimaji akasogeza kikombe pembeni. Halafu akatoa kalamu.

Sista akaandaa kadi yenye maswali matatu. Umechangia mara ngapi. Kwa wanawake, siku zako za mwezi ni nyingi kuliko kawaida? Na la tatu, kuna kitu kisicho chakula unachotamani kula au kunusa? Siku ya kwanza akalisoma mwenyewe mbele ya benchi, kwa sauti ya kanisani. Watu kumi na wanne wakatazama miguu yao. Nani atainua mkono mbele ya watu na kusema anakula ukuta?

Fundi alikuwepo, amejipa kazi ya kupinda mapazia ya kituo ili asiwe mbali. Akasimama katikati ya chumba. Akatoa chaki nyeupe mfukoni, akaiinua watu waione, akaiuma pembe. Krap. Akatafuna bila haraka.

"Mimi ni hii," alisema. "Nyeupe. Ya njano sishauri."

Kisha mama mmoja nadhifu, karani wa benki, viatu vinang'aa, akakohoa.

"Mimi barafu," alisema. "Namaliza barafu yote ya friji la ofisi. Wenzangu wanadhani friji ni bovu. Fundi wa friji ameshakuja mara mbili."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimsaidia kulaumu umeme."

Benchi likaanza kutikisika. Mwashi mmoja, baba mwenye mabega mapana, mchangiaji wa miaka na miaka, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi sili. Nanusa. Saruji ikishamwagiwa maji, jamani, siwezi kuondoka. Wenzangu wakienda kula mimi nabaki na ukuta."

"Ukuta unakwambia nini?"

"Mama, usiniulize mbele za watu."

Dada mmoja alikuwa kwenye kona. Alifungua mkoba, akatoa kifuko cha mchele mbichi, akamwelekezea jirani yake na kusema, "Karibu." Na jirani yake akachota.

Nawaambia kweli, sijawahi kuona chumba cha hospitali kikicheka namna ile. Karani wa benki alikuwa anafuta macho kwa kadi ya maswali. Mlinzi wa getini akaingia kuona kuna nini, akaambiwa, akauliza, "Mimi natamani nyama kila siku, nao ni ugonjwa?" Sista akamjibu, "Hiyo ni njaa, rudi getini." Na mpimaji akawa anakimbia kutoka mtu mmoja hadi mwingine na daftari lake, mguu mmoja na soksi, mwingine bila soksi, uso unang'aa kama bwana harusi.

Boksi la pili likadumu majuma kumi na moja. Waliochangia mara moja au mbili, wakajibu hapana kote, walipita bila kipimo hicho. Waliopimwa ni wale wa mara nyingi na wale wa barafu na saruji. Kwa vipimo mia, wakapatikana arobaini na saba. Kila mmoja alionyeshwa namba yake, akapewa vidonge na tarehe ya kurudi.

Mkaguzi akaja. Tulidhani atakuwa bwana mkali, kumbe mama mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani. Akakaa chumba cha Sista, kikokotoo mezani. Fundi alikuwa mule mule ndani, juu ya ngazi, anatundika pazia ambalo kwa hesabu yangu alikuwa amelitundika mara tatu wiki ile. Mimi nilipeleka chai na nikachelewa kutoka.

"Boksi la kwanza wanane," alisema mkaguzi. "Boksi la pili arobaini na saba. Bei ni ile ile. Mmebadilisha nini?"

"Tumeanza kwa kuuliza," alisema mpimaji. "Kuuliza ni bure."

Mkaguzi akabonyeza bonyeza. "Sawa. Lakini vidonge ni bei ndogo kuliko kipimo. Kwa nini nisiseme kila mchangiaji apewe vidonge, kipimo tuache kabisa?"

"Wengine chuma wanacho tele, vitawasumbua tumbo bure," alisema mpimaji. "Na asiyejua namba yake hamezi."

"Ataambiwa ameze."

Sauti ikatoka juu ya ngazi. "Mama, samahani kuingilia. Mume wangu ana droo nzima ya dawa alizoambiwa ameze."

Mkaguzi akainua macho. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni sita."

Ikabidi Sista aeleze. Akaeleza pia kitu ambacho kikokotoo hakikuwa nacho. Kwamba zamani mchangiaji wa kudumu alichoka tu, akapotea, na hakuna aliyejua kwa nini. Au alishindwa kipimo cha kidole, akarudishwa mlangoni, na akirudishwa mara moja, kumpata tena ni kazi. Kumpata mgeni mahali pake kunataka matangazo, gari la kwenda vyuoni, vipimo vyote upya, na mgeni mwenyewe akishakunywa soda haonekani tena. Kati ya wale arobaini na saba, arobaini na mmoja walikuwa wanakuja kuchukua vidonge bila kukosa. "Hawa ni mifuko mitatu kwa mwaka kila mtu, wengine minne," alisema Sista. "Tukiwatunza."

Mkaguzi akabonyeza tena, muda mrefu, midomo inahesabu. Aliandika, akakata, akaandika. Fundi juu ya ngazi alikuwa ameshika pazia kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeshikilia tawi. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, namwomba Mungu kimya kimya.

"Kwa kila anayeingia, hapana, hailipi," alisema mwishoni. "Kwa hawa wa maswali, inalipa. Mashine ibaki."

Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akamtazama mpimaji kuanzia juu mpaka chini. Alipofika chini akasimama.

"Na hiyo suruali?"

"Huo ndio ushahidi wetu, mama."

Wakamsimulia. Yule mama alicheka mpaka akalala kwenye meza, na kikokotoo kikaandika namba ambayo hakuna aliyeiomba. Fundi alitaka kushuka kuficha uso, ngazi ikayumba, akabaki juu na aibu yake.

Vidonge fundi alikuwa amevianza siku ile ile ya namba sita. Mumewe alimwekea kengele ya simu, na kila ikilia alisema, "Mama wa chuma, muda wa kutia mafuta." Juma la tatu fundi alichukua chaki, akachora mstari, akairudisha koponi, akashona mpaka mchana ndipo akashtuka kwamba hajalamba kitu. Alikuja mbio nyumbani kwangu na ile chaki kwenye kitambaa, pembe zote tatu zipo, kunionyesha. Kutoka kwangu akaenda kwa mwashi.

Mama Vifungo akakaa miezi miwili bila kumuuzia boksi. Akamfuata.

"Fundi, umenihama? Umepata duka jingine?"

"Nimepona."

"Hongera, mwenzangu. Ila umeniumiza."

Miezi sita ikafika. Aliamka asubuhi akavaa gauni la kijani, akapanda ngazi za kituo bila kuniuliza kama zimepunguzwa. Mpimaji akachukua damu kidogo, akaingia maabara. Sisi tukakaa benchi, fundi, mumewe na binti yao, na mimi niliyeacha meza yangu. Hakuna aliyefanya mzaha. Mpimaji akatoka na karatasi, mguu mfupi ukitangulia, maana ile suruali miezi yote hiyo alikataa isirekebishwe. Kila mgeni wa kituo alifundishwa kwayo.

"Hamsini na mbili," alisema.

Binti akauliza, "Ni nyingi?"

"Mama yako ana ghala kuliko mimi."

Fundi akafungua vifungo vitatu. Mfuko wa ishirini na tano ulijaa kwa dakika tisa, nilitazama saa. Kisha akaja kwenye meza yangu, akatoa sindano iliyokuwa tayari na uzi mwekundu, mimi nikamshikia pindo, yeye akapitisha mshono wa mwisho polepole, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Alikaa kidogo macho yamefumba. Midomo ilikuwa inasema kitu, na hakuwa anazungumza nasi.

Alipofumbua macho, Sista alikuwa amesimama pale na beji ya wachangiaji, mpimaji nyuma yake. Sista akamwambia kwamba siku kama hii mtu anaweza kuomba chochote, na kituo kikiweza kitampa. Fundi akatazama beji. Akatazama biskuti. Macho yakashuka mpaka kwenye ile soksi.

"Daktari," alisema, "naomba hiyo suruali uniletee kesho asubuhi. Na uje umevaa nyingine."